Aukuso na Binti

Jumamosi ile ya Desemba soko la Fugalei, hapa Apia, lilifurika watu wa nyumbani na watu wa ng'ambo, na wa ng'ambo uliwatambua kwa viatu. Ndege zilikuwa zimekwisha kuwashusha watoto wetu wa Auckland, Brisbane na Sydney, wamekuja likizo na masanduku makubwa na sauti kubwa zaidi. Mwenye sauti kubwa kuliko wote siku hiyo alisimama mbele ya beseni la maandazi la Mama Losa, kijana mrefu mwenye mabega ya mcheza raga na shati la maua ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya sanduku.

"Tala mia mbili na hamsini kwa siku!" alisema. "Mama, mimi nataka kulikodi gari, sijasema nataka kulioa!"

Mama Losa alicheka mpaka mafuta yakamrukia mkononi. "Kwani zamani ulilipa ngapi, mwanangu?"

"Nilipokuja mara ya mwisho ilikuwa mia na ishirini. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, kilichoongezeka ni mashimo. Sasa nalipia mashimo?"

"Mashimo ni bure, kaka," ilisema sauti nyuma yake. "Unayalipia ukiyaingia."

Akageuka. Msichana aliyesimama nyuma yake alivaa puletasi ya kijani, blauzi na sketi za kitambaa kimoja, iliyomkaa kama aliyezaliwa nayo. Nywele alizifunga juu kwa kitana cha gamba la kobe, na ua jeupe lilikaa nyuma ya sikio la kulia. Sisi wa Apia tunajua: sikio la kulia maana yake moyo haujapata mwenyewe. Kijana alilitazama lile ua zaidi ya ilivyohitajika.

"Na wewe dada unaonaje?" aliuliza. "Hawa wenye magari ya kukodi si wezi?"

"Wezi hawatoi risiti."

"Basi ni wezi wenye funguo."

"Wezi wenye funguo," msichana alirudia polepole, kama anayeonja mchuzi. "Hilo nimelipenda. Nitakwenda nalo nyumbani. Umekwisha jaribu Taufusi? Nyuma ya duka la matairi kuna kibao cha buluu. Yuko mzee mmoja na binti yake. Mzee ni mkali."

"Na binti?"

"Binti ni mbaya zaidi," alisema, akachukua maandazi yake na kuondoka.

Kijana huyo aliitwa Pesamino. Alikuwa dereva wa basi huko Otara, Auckland, na safari hii hakuja kujistarehesha. Alimleta mama yake, Mama Iutita, ambaye miaka mingi iliyopita aliondoka kijijini kwao Falealili kwa basi, kuku amefungwa miguu mapajani, mama yake mzazi akimpungia mkono barabarani. Siku ile Mama Iutita aliapa kwamba atakaporudi kuwaona ndugu zake wote pamoja, atashuka kwenye gari, mlango akifunguliwa na mwanawe. Kiapo hicho alikirudia kila Krismasi, na mwanawe alikua akikisikia. Kwa hiyo Pesamino hakuwa anatafuta gari tu. Alikuwa anatafuta heshima ya mama yake, akakuta imepanda bei.

Alifika Taufusi andazi likiwa bado mkononi. Kibao cha buluu kilikuwepo, kimepakwa rangi mpya, herufi nyeupe zimenyooka: AUKUSO NA BINTI, MAGARI YA KUKODI. Akaingia. Nyuma ya meza, chini ya feni, alikaa yule msichana wa puletasi ya kijani.

"Karibu kwa wezi wenye funguo," alisema.

Andazi lilimkwama kooni. Alipomaliza kukohoa, macho yakimtoka machozi, alisema, "Wewe ndiye binti aliye mbaya zaidi?"

"Naitwa Fuatino. Bei yetu ni ile ile uliyoilalamikia. Mia mbili na hamsini."

"Hamna punguzo kwa aliyekupa maneno mazuri ya kwenda nayo nyumbani?"

"Punguzo lipo kwa walionyamaza."

Lakini Fuatino hakuwa mtu wa kumwacha mteja bila jibu. Alimweleza bila kuzungusha. Magari yaliyotumika kutoka Japani, yaliyokuwa yakifika kila mwezi, sasa yanachelewa na yakifika ni ghali. Bima imepanda mara mbili. Vipuri ndio usiseme. Sababu ya nne ilikuwepo, na ilizidi hizo zote, ila hiyo hakuitaja. Pesamino naye alimweleza habari za mama yake na kuku. Fuatino alisikiliza, kalamu imesimama hewani. Bei hakuishusha. Ila alirudisha kwenye msumari ufunguo wa gari jekundu aliokuwa ameutoa, akachukua ufunguo wa lile la kijivu.

"Hili ndilo bora tulilonalo," alisema. "Halijawahi kukataa mlima. Mfikishe mama."

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatokea Mzee Aukuso mwenyewe: mwili kama kabati, nywele nyeupe zimechanwa kwa maji, sketi ya kiume ya kitambaa cha kijivu imepigwa pasi mpaka ina makali. Alianza maisha akibeba makontena bandarini. Aliponunua gari la pili na kutaka kibao, wenzake walimcheka kwamba hana mtoto wa kiume wa kuandika. Akajibu, "Nyinyi mna wana. Mimi nina binti, tena anajua hesabu." Akaandika. Huo ulikuwa mji wenye vibao vingi vya fulani na wanawe. Kibao cha "na Binti" kilikuwa hicho kimoja, na Fuatino alikifuta vumbi kila asubuhi kabla hajafungua mlango.

Mzee alimtazama Pesamino, akamtazama bintiye anavyomtazama Pesamino.

"Kijana," alisema, "umekodi gari. Binti hajakodiwa."

"Nimeelewa, mzee."

"Wote husema hivyo."

Tangu siku hiyo simu ya ofisi ikawa haipumziki.

"Halo, Aukuso na Binti."

"Nataka binti."

"Binti yuko kazini. Gari lina tatizo gani tena?"

"Kioo cha pembeni kinalegea."

"Kioo hicho nilikikaza mwenyewe, Pesamino. Anayelegea ni dereva."

"Basi njoo umkaze dereva."

"Saa kumi na moja. Ukichelewa napandisha bei."

Walikaa kwenye ukuta wa bahari wakila samaki mbichi wa tui la nazi kwenye bakuli moja, wakigombania kipande cha mwisho. Fuatino alimfundisha kukwepa mashimo ya Vaitele, mtaa aliofikia na mama yake, bila kumwaga kinywaji. Alipogundua kazi yake ya Otara, Fuatino alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dereva wa basi! Unawapandisha basi mama za watu kila siku, wako hataki kulipanda?"

"Mama yangu ana kiapo."

"Na wewe una nini?"

"Mimi nina ugonjwa. Ulinianza sokoni, nikikutazama sikio."

Aliinamisha uso, lakini ua halikubaki kulia kwa muda mrefu. Siku chache baadaye alikuja nalo upande wa kushoto. Pesamino, aliyekulia Otara, hakujua hata maana yake. Mama Iutita ndiye aliyeliona kwa mbali akamfinya mwanawe: "Mpumbavu wewe, umeshajibiwa."

Mambo yalikuwa matamu hivyo hadi Alhamisi kabla ya safari ya Falealili. Ndugu wote wa Mama Iutita walikuwa wakutane Jumamosi. Nguruwe walikwisha kupangwa, na mkeka wa heshima, ule laini kama hariri uliosukwa na mama yake kabla hajafa, ulikwisha kukunjwa tayari kwa kutolewa mbele ya ukoo. Asubuhi simu ikalia.

"Pesamino, naomba unirudishie gari."

"Kioo kimelegea?" alitania.

"Sitanii. Leo. Sasa hivi, ukiweza."

"Fuatino, keshokutwa ni Falealili. Unajua."

"Najua. Siku zilizobaki nitakurudishia pesa yake. Nisamehe."

"Basi nipe lingine. Hata lile jekundu lisilo na kiyoyozi."

"Hakuna hata moja."

"Kuna nini?"

"Siwezi kusema. Niamini tu, mpenzi."

Aliamini, kwa muda wa kutoka Vaitele hadi Taufusi. Alipofika uwanja ulikuwa mtupu, magari yote yametoka. Fuatino aliupokea ufunguo kwa haraka. Ukutani karatasi mpya ilibandikwa: kuanzia wiki ya Krismasi, tala mia tatu. Pesamino aliisoma mara mbili, akaondoka bila kuaga vizuri.

Mchana huo, akipita barabara ya ufukweni kwa miguu, aliliona gari la kijivu limeegeshwa mbele ya hoteli. Watu waliovaa nguo nyeupe zilizopigwa pasi walikuwa wanaingia garini, masanduku yao bado yana vibandiko vya ndege. Fuatino mwenyewe aliwafungulia mlango, akamshika mkono mama mmoja mnene na kumkalisha pole pole kiti cha mbele. Kiti cha Mama Iutita!

Damu ilimpanda. Alitoa simu, akaigeuzia uso wake, akasema maneno ambayo mpaka leo yapo watu wanaoweza kuyakariri.

"Ndugu zangu wa Otara, wa Mangere, wa Brisbane, mlioweka akiba mwaka mzima mje kuwaona wazee wenu, nisikilizeni. Taufusi kuna kibao cha buluu, Aukuso na Binti. Ukilipa mia mbili na hamsini wanakuchekea. Akija wa mia tatu wanakunyang'anya. Mzee anapandisha bei, binti anapandisha presha. Wezi wenye funguo!"

Kufika jioni video ilikuwa imezunguka visiwa vyote na kuvuka bahari. Waliokuwa wameahidi kukodi walipiga simu kujitoa. Asubuhi yake Fuatino alipotoka na kitambaa cha kufutia vumbi, alikuta mtu ameandika kwa lami juu ya kibao neno WEZI. Alisugua kwa mafuta ya taa mpaka kucha zikavunjika. Neno lilitoka, na rangi ya herufi za "na Binti" ikatoka nalo.

Mzee Aukuso alisimama nyuma yake na kikombe cha kakao. "Acha, mwanangu."

"Siachi, baba."

"Umemwambia?"

"Ulikataza tusiseme."

"Nilikataza," alisema mzee. "Na bado nakataza." Lakini kakao hakuimaliza.

Pesamino alipopokea simu ya Fuatino hakusikia "halo".

"Ni wewe?"

"Ni mimi. Mlimpa nani gari langu?"

"Gari lako?" Sauti ya Fuatino ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Ungenitukana mimi, Pesamino, ningekurudishia tusi lako na chenji juu. Umegusa jina la baba yangu. Amelibeba mgongoni tangu bandarini. Siwezi kuwa na mtu aliyelitemea mate."

"Basi niambie ukweli!"

"Siwezi."

"Siri ya biashara."

"Ndiyo. Siri ya biashara. Usinipigie tena, bwana dereva."

Jumamosi Mama Iutita alipanda basi kwenda Falealili. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomkata mwanawe maini. Alivaa gauni lake jeupe la kanisani na kofia ya ukili, akakaa wima dirishani, na mkeka wa heshima aliuweka mapajani, pale pale alipokaa kuku zamani zile.

"Mama, nisamehe."

"Kaa chini, unamzibia mtu upepo."

Walipovuka milima na kuanza kushuka upande wa kusini, dereva alipunguza mwendo, akazima muziki, akasimama kando kabisa. Abiria wote wakanyamaza. Msafara wa mazishi ulikuwa unapita. Mbele lilikuja gari la kijivu, limefuliwa linang'aa, na nyuma ya usukani alikuwa Fuatino, macho mbele. Kando yake alikaa yule mama mnene wa hotelini, uso umevimba kwa kilio. Likafuata gari la wazi la mizigo lenye jeneza lililofunikwa mikeka na maua, Mzee Aukuso mwenyewe akiliendesha taratibu kama aliyebeba mayai. Kisha jekundu. Kisha mengine yote, hakuna lililobaki mjini.

"Magari ya Aukuso hayo," alisema mama mmoja mwenye kikapu cha magimbi, kiti cha nyuma. "Kijana wa hawa alikuwa hajafika arobaini. Dada zake wameshuka na ndege juzi, wakaoga hotelini wakaja moja kwa moja."

"Wameyakodi kwa ngapi?" aliuliza Pesamino.

"Kukodi? Wewe mtoto umetoka wapi? Aukuso akisikia msiba, wa ukoo wake au si wa ukoo wake, hupeleka magari yote wala hapokei hata senti. Na ukimsifu anakufukuza. Anasema gari la msiba halitangazwi. Ndiyo maana kuna siku mjini hupati gari hata ulie."

Mama Iutita aligeuka pole pole. "Ni mzee wa Taufusi? Mnene, mwenye nywele nyeupe?"

"Huyo huyo."

"Ndiye aliyembeba mama yangu," alisema Mama Iutita. "Mwaka ule mipaka ilipofungwa. Mimi nilikuwa Otara, naangalia mazishi ya mama yangu kwenye simu, sina hata wa kunishika. Nilituma pesa ya gari, ikarudi. Dada akaniambia mzee mmoja wa Taufusi amesema mazishi hayakodiwi. Jina lake alikataa tusitajiwe." Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Miaka yote hii namwombea mtu nisiyemjua jina."

"Na sasa kuna punguani mmoja kutoka New Zealand kamwita mwizi," alisema mama wa magimbi. "Nimemwona kwenye simu ya mwanangu, mabega haya, sauti..." Akasita. Akamtazama Pesamino shati, mabega, mdomo. "Hebu sema kitu tena wewe kijana."

Pesamino alishusha mabega, lakini alikuwa amechelewa. Basi zima lilimgeukia, na mama yake akawa wa mwisho kumgeukia.

"Wewe?" alisema.

Sasa aliyaelewa yote: ile haraka, uwanja mtupu, karatasi ya mia tatu. Hiyo ndiyo sababu ya nne ambayo Fuatino hakuitaja. Wanaokuja likizo ndio waliokuwa wakiwalipia nauli wanaoondoka wasirudi. Angeweza kuuliza kwa nini alipie yeye safari za wafu asiowajua. Lakini mfu wa kwanza alikuwa bibi yake.

Kwenye mkutano wa ukoo Mama Iutita alikula kidogo, na mkeka hakuutoa. Alirudi nao mjini umekunjwa vile vile.

Jumatatu alfajiri, mama yake akiwa bado usingizini, Pesamino aliuchukua ule mkeka akaenda Taufusi kwa miguu. Alijua kwamba kwetu mtu akikosa sana huenda nyumbani kwa aliyemkosea, akapiga magoti nje na kujifunika mkeka wa heshima, akasubiri. Wakitoka na kumfunua, amesamehewa. Wasipotoka, atakaa. Tunaita ifoga. Alijua hivyo kwa sababu aliwahi kuiona kwenye video, na video haikumwambia mengine. Alipiga magoti katikati ya lango la Aukuso na Binti, akajifunika.

Jua lilipanda. Wapita njia wakasimama.

"Kaua nani?" aliuliza mwenye duka la matairi.

"Hajaua. Ni yule wa video."

"Ifoga kwa video? Dunia imekwisha!"

"Na yuko peke yake! Mtoto huyu hana kwao?"

Mgeni mmoja wa Kijerumani aliyekuja kurudisha gari jekundu alilolikodi jana yake alipiga honi mara mbili, kisha akazima injini akatoka kutazama.

Fuatino alitoka hadi barazani, kitambaa cha vumbi mkononi. Alivaa nyeusi, na sikio halikuwa na ua upande wowote.

"Toka langoni," alisema. "Unazuia biashara."

"Biashara niliizuia tangu Alhamisi," ilijibu sauti chini ya mkeka.

"Unajifanya mcheshi?"

"Hapana, Fuatino. Hapa chini kuna joto la kutosha."

Alikaribia kucheka, akajikasirikia. Ndani, Mzee Aukuso alikuwa ameketi na kakao yake, mgongo kwa dirisha. "Ifoga ni ya damu," alisema kwa sauti ili asikike nje. "Mwambie sijafa."

"Umesikia?" alisema Fuatino. "Baba hajafa."

"Jina la mtu si damu?"

Aliyesema hivyo hakuwa Pesamino. Mama Iutita alikuwa anakuja barabarani na gauni lake la kanisani, akitembea haraka kuliko magoti yake yalivyotaka, dada zake wawili wakimfuata wakihema. Alifika langoni, akamsukuma mwanawe kwa goti.

"Sogea. Nani kakufundisha kuinama peke yako? Mtu haendi ifoga peke yake kama anayekwenda chooni. Ukikosa wewe, tumekosa sisi." Akaushika mkeka, akauangalia. "Na umejifunika nao ndani nje, Mungu wangu!"

Akaugeuza, akapiga magoti kwenye changarawe, dada zake nao, na wote wanne wakaingia chini ya mkeka uliosukwa na marehemu.

"Mzee wa Taufusi," alisema Mama Iutita kwa sauti kubwa, "mimi ni binti wa yule mama wa Falealili uliyemzika mipaka imefungwa. Sikuwahi kukushukuru kwa sababu ulikataa. Leo sijaja kushukuru. Nimeleta aibu yangu."

Kikombe kiligonga meza. Mzee Aukuso alisimama. Hakuweza kukaa ndani na kakao huku mama mtu mzima amepiga magoti juani langoni kwake; aliyelelewa na mama hawezi. Alitoka hadi barazani akasimama karibu na bintiye, kifua kikipanda na kushuka.

"Jina ni langu," alimwambia. "Lakini uliyelisugua ni wewe. Ukisema wakae, watakaa."

Fuatino alikitazama kibao, rangi ilipobabuka. Akautazama mkeka, miguu mikubwa ya Pesamino imetokeza nyuma, soli za viatu vya ng'ambo zimejaa tope la Vaitele. Alishuka ngazi. Alimfunua Mama Iutita kwanza, akamwinua kwa mikono miwili, akawainua na dada zake. Pesamino alibaki peke yake, akipepesa macho kwenye mwanga.

"Wezi wenye funguo," alisema Fuatino.

"Nimekosa."

"Rudia."

"Nimekosa, Fuatino. Na nitasema mbele ya watu wote sababu ya..."

"Thubutu!" Mzee Aukuso alinguruma kutoka barazani. "Utasema umekosa. Sababu zangu ni zangu."

Basi video ya pili ilikuwa fupi. Pesamino alisimama chini ya kibao, brashi ya rangi nyeupe mkononi, akasema alikosea, bei ni halali, na yeye mwenyewe ameilipa. Huko ng'ambo walimcheka wiki nzima. Wakamwita mkwe wa kukodi, wakasema kahongwa. Neno moja lingemwokoa, na hakulisema. Mimi ninalisema kwa sababu mzee mwenyewe ametangulia, na hawezi tena kunifukuza.

Likizo ilikwisha, na siku zake za mwisho Pesamino alilikodi tena gari la kijivu. Siku mbili baada ya ndege kuondoka simu ililia Otara.

"Pesamino! Umeondoka na ufunguo wa gari la kijivu!"

"Mwizi wa funguo ni nani sasa?"

"Sicheki. Bahati yako kuna wa akiba. Utaurudisha lini?"

"Nitauleta mwenyewe. Nimeuchukua makusudi, nisipate sababu ya kutokuja."

"Siku zote hizo utalipa."

"Kwa bei gani?"

"Mia tatu."

"Kipenzi, kwa bei hiyo afadhali nikuoe!"

Alisikia feni ya ofisi ikizunguka, umbali wa maelfu ya maili.

"Ndiyo," alisema Fuatino.

"Ndiyo nini?"

"Umesema afadhali unioe. Nimesema ndiyo. Usije ukadhani nitaliandika jina lako kwenye kibao."

Harusi ilipangwa Agosti, kanisa la Falealili. Mzee Aukuso aliosha magari yote mwenyewe, akayafunga utepe mweupe toka kioo hadi kioo, na la kijivu likapewa maua mbele, kwa ajili ya Mama Iutita. Safari hii angeshuka kwenye gari mbele ya ukoo wake, mlango ukifunguliwa, na kiapo kingetimia.

Asubuhi ya harusi, watu wakiwa wamekwisha kuvaa, mwanamume mmoja alisimama langoni kofia mkononi. Hakuna aliyemjua. Mke wake alikuwa amefariki hospitalini alfajiri, na kwao ni mbali, mwisho wa kisiwa mashariki. Hakuomba kitu. Alisimama tu.

Mzee Aukuso alimtazama bintiye. Fuatino, katika gauni jeupe lenye mkia mrefu, alikuwa tayari ameinama mbele ya gari la kijivu, anafungua utepe. Pesamino alianza na jekundu. Ufunguo aliokuwa ameurudisha juzi akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Vijana wa ukoo walipoondoka na magari, wakatoka wote hadi kituo cha basi: bibi harusi ameshika mkia wake mkononi, bwana harusi, mzee kwenye sketi yake yenye makali. Dereva alipowaona alizima muziki kwa mshangao, akataka kuwapeleka bure. Mzee Aukuso alikataa.

"Mazishi hayakodiwi," alisema, "harusi inalipa nauli."

Mama Iutita ndiye aliyetangulia kupanda. Alikwenda hadi kiti cha dirishani, akakaa wima, akaitengeneza kofia yake. Abiria walikuwa wanawatazama midomo wazi, na mmoja hakuweza kujizuia.

"Mama, hawa si wale wenye magari? Mbona bibi harusi yuko kwenye basi?"

Mama Iutita alimtazama kama mtu anavyotazamwa na malkia aliyeulizwa njia.

"Magari yetu," alisema, "yana kazi leo."